Hata Aliyepumua Mara Moja

2 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana bila kubisha hodi. Paa la ofisi linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya kabati la vifo. Nimesogeza kabati, nimeweka ndoo, nimeendelea na kazi.

Daftari hili nimepewa na binti yangu. Amekuja kukaa nami mpaka ajifungue, maana mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, akiondoka ni wiki tatu. "Mama," ananiambia, "miaka tisa unaandika ya watu. Yako utayaandika lini?" Haya, nimeanza. Mimi ni karani wa vizazi na vifo. Nina dirisha moja, vitabu viwili vikubwa na muhuri mmoja. Mtaani wananiita Mama Vyeti. Mume wangu alishatangulia, na huyu binti ndiye mwanangu wa pekee.

4 Machi

Vizazi vinne, kifo kimoja, mzee wa miaka themanini na kitu. Ndoo imejaa mara mbili.

7 Machi

Amekuja mfyatua matofali, udongo umemkauka mpaka kwenye viwiko. Binti yake wa miaka miwili na nusu ametumbukia kwenye shimo wanalochimbia udongo, lile la nyuma ya soko. Tangu mvua ianze limekuwa ziwa. Niliandika: *Alizama katika shimo la udongo wa matofali, nyuma ya soko.* Yule baba alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akaitikia kwa kichwa.

Alipoondoka, bosi wangu, Msajili, alikuja akasimama nyuma yangu. Sisi humwita Bwana Pole, kwa sababu hana sentensi isiyoanza na pole. "Pole, mama, kwa kazi hii nzito. Lakini hapo andika 'ajali' tu. Inatosha. Ukitaja shimo tutaletewa barua, mwenye shimo nani, kibali nani, tutafika wapi?"

Mtu mpole namna hiyo unambishia vipi? Nikachukua fomu nyingine. *Ajali.*

8 Machi

Sikulala vizuri. Mvua.

12 Machi

Vizazi sita, wakiwemo pacha. Baba yao aliomba nimwandikie cheti kimoja, "si wamekuja pamoja?"

15 Machi

Nimempeleka binti zahanati. Mkunga wa pale anaitwa Sista Chuma, na jina limemkaa. Hana salamu. "Miguu imevimba lini? Jana au juzi? Juzi ni lini? Panda hapa." Nikamwambia taratibu, dada, huyu ni uzazi wake wa kwanza. Akanitazama kama mtu anayetazama doa.

"Wewe si ndiye wa vyeti?"

"Ndiyo."

"Mwaka huu umeandika vifo vingapi vya watoto wachanga?"

Nikafikiri. "Hakuna hata kimoja."

"Hakuna," akarudia, akacheka kwa pua, akarudi kwenye tumbo la mwanangu. Njiani nilimsema mpaka tukafika nyumbani. Binti akasema, "Lakini mikono yake ni myepesi, mama."

19 Machi

Lile swali limenikereketa siku nne. Leo mchana, saa ya chakula, nikavuka barabara nikamfuata. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa akila ndizi.

"Ulitaka kuniambia nini siku ile?"

Akanipeleka chumba cha kuzalia. Chumba kidogo, kitanda kimoja, sinki, meza yenye taulo zilizokunjwa. Akatoa kwenye droo kidude cha mpira, ukubwa wa boga dogo, kina barakoa ndogo kwa mbele. Ni mfuko wa kupumulishia. Mtoto akizaliwa hajavuta pumzi unamfunika pua na mdomo, unaminya, hewa inaingia. Wa kwao umepasuka ubavuni, umefungwa plasta tabaka tatu. Akaminya karibu na shavu langu. Hewa yote ilitokea kwenye plasta.

"Nimeomba mwingine mara tatu," akasema. "Soma jibu."

Barua ya makao makuu ilikuwa na mistari miwili. *Takwimu za vifo vya watoto wachanga katika eneo lenu hazionyeshi hitaji. Tunawapongeza.*

Kisha akafungua daftari la shule, lenye picha ya tembo kwenye jalada. Jina la mama, tarehe, saa ya kuzaliwa, saa ya kufa. Tangu mwaka uanze, watoto kumi na saba. Wengine walikuja wamedhoofu, akasema, hata mfuko ungekuwa mpya wasingepona. Wengine, na hapo akaweka kidole kwenye jina moja baada ya jingine, huyu, huyu, na huyu, wangepona.

"Mbona wazazi hawaji kwangu?" nikauliza.

"Walikuja. Uliwarudisha."

Ni kweli. Nimewarudisha. Utaratibu wa ofisi yetu ni kwamba mtoto aliyekufa kabla ya kupata cheti cha kuzaliwa hana cha kuandikwa. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza, na miaka tisa nimewaambia watu hivyo kwa mdomo huu huu, kupitia dirishani, kisha nikaita anayefuata.

20 Machi

Kila kitabu cha usajili kina kanuni zilizochapwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi za sisimizi. Hakuna anayezisoma. Leo nimezisoma. Kanuni ya nne: *Kila mtoto aliyezaliwa akapumua, hata kama ni mara moja, ataandikwa kizazi. Akifa, ataandikwa kifo.*

Hata kama ni mara moja. Ukurasa wa kwanza, miaka tisa.

21 Machi

Nimempelekea Bwana Pole kitabu, nimeweka kidole kwenye kanuni. Alivua miwani.

"Pole, mama, naona limekugusa. Lakini wafikirie wazazi. Mtu amezika leo, umsimamishe dirishani ajaze fomu mbili? Ni ukatili. Sisi tunawapumzisha."

Nyuma ya kichwa chake kuna cheti cha sifa chenye fremu: tarafa yetu, ya kwanza kwa uchache wa vifo vya wachanga, mwaka wa tatu mfululizo. Kila siku nakifuta vumbi. Leo ndiyo nimekisoma.

Nilidhani mtu huyu ni mpole. Ni mwoga, basi.

24 Machi

Leo amekuja mama mmoja, mshonaji, kanga imelowa chapachapa. Mwanawe wa kiume ameishi saa mbili, jana. Alikuja bila matumaini, nadhani alitaka tu kumwambia mtu. Mdomo wangu ulishaanza ile sentensi ya zamani. Nikaimeza.

"Alipumua?" nikamuuliza.

"Alipumua. Alipiga chafya."

Nikafungua kitabu cha vizazi, nikaandika. Nikafungua cha vifo, nikaandika. Sababu: *Alishindwa kupumua, kifaa cha kupumulishia kibovu.* Nikapiga muhuri mara mbili, meza ikatikisika. Aliviangalia vile vyeti viwili muda mrefu, kisha akaniuliza kama ataruhusiwa kukaa navyo.

"Ni vyako," nikamwambia. "Na mtu akikuambia hukuzaa, mwonyeshe."

Jioni nimeenda kwenye matanuri ya matofali nikamtafuta yule baba. Nimemwomba radhi. Ametia saini ya kusahihisha. Sasa kitabuni pameandikwa shimo, na pameandikwa lilipo.

25 Machi

Bwana Pole hajanisalimia. Ni mara ya kwanza kukaa siku nzima bila pole. Nimepumua.

30 Machi

Kila siku baada ya kazi mimi na Sista Chuma tunazunguka na lile daftari la tembo. Kanuni inataka mzazi aje mwenyewe atie saini, kwa hiyo tunawafuata kuwaomba waje. Matope mpaka magotini. Yeye hutembea mbele, hasemi kitu, akifika mlangoni ndiyo anabadilika. Sikuwahi kuisikia sauti ile. "Mama, ni mimi. Nimekuja kukujulia hali." Anakumbuka kila mtoto alikuwa na nywele kiasi gani.

Si wote wanaotupokea. Fundi baiskeli mmoja alitufungulia, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Karatasi itamrudisha?" Sista akajibu, "Haitamrudisha." "Basi ondokeni." Tukaondoka. Njiani nilimuuliza kwa nini hakumweleza zaidi. "Kwa sababu ana haki," akasema.

Waliokubali mpaka leo ni tisa.

3 Aprili

Mkwe wangu amepita usiku mmoja na lori lake, amelala, ameondoka. Ameacha gunia la mchele na fulana ndogo za mtoto, zote za rangi moja kwa sababu duka lilikuwa na rangi moja.

6 Aprili

Kumi na watatu. Mvua haikati. Kuta za ofisi zimeota ukungu wa kijani, na Bwana Pole anasema nikimaliza "huo mradi wako" tuzungumze.

12 Aprili

Ilikuwa jana. Naandika yote, nisije nikasema baadaye kwamba sikumbuki.

Uchungu ulianza asubuhi. Saa sita muuza maziwa alitupeleka na pikapu yake, binti amejilaza juu ya magunia matupu, mimi nimemshikilia turubai. Mvua ilikuwa inapiga kama inadai kuingia. Sista Chuma alitupokea kwa namna yake. "Mmechelewa. Panda. Mama mtu, kaa kichwani kwake, shika mkono, usiongee."

Sikuongea. Binti aliniminya mpaka pete ikaniingia nyamani. Saa tisa na dakika kumi mtoto alitoka, wa kiume, na kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Sista alikifungua haraka kama mtu anayevua mkufu. Mtoto alikuwa amelegea, rangi ya zambarau. Akamfuta, akamsugua mgongo, akampiga nyayo. Kimya. Akachukua mfuko.

Nilikuwa nimeshausikia ule mlio shavuni kwangu, fyuu, fyuu, hewa inatokea kwenye plasta. Aliminya mara tano, labda sita, akiibana ile plasta kwa vidole. Kifua hakikupanda. Akautupa mfuko sakafuni, akafunika mdomo wa mtoto kwa kitambaa, akaweka mdomo wake.

"Mama," binti akasema, "mbona halii?"

Sista alimpulizia, akasikiliza, akampulizia. Kisha nikakiona kile kifua, kidogo kama kiganja, kimepanda chenyewe.

"Amepumua!" Sista alipaza sauti, si kwa furaha, alipaza kama shahidi. "Mama Vyeti, umeona? Saa tisa na dakika kumi na nne. Amepumua mwenyewe. Sema umeona!"

"Nimeona!"

Rangi ilimrudia usoni. Tukamweka kifuani kwa mama yake, Sista akiwa ameinama juu yao, anampulizia kila alipochoka. Mtoto alifumbua macho. Alichoka tena. Alipumzika, akapumua, akapumzika. Ukapita muda nikadhani tumevuka. Saa tisa na dakika arobaini alipumzika, na hakurudia.

Sista aliendelea peke yake mpaka saa kumi kasorobo. Kisha akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta, miguu ameinyoosha kama mtoto. Sijawahi kumwona mwanamke huyo amekaa bila kazi mkononi.

Nilitaka mtu wa kumlaumu. Nilianza na yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, lakini midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kupuliza. Nikajilaumu mimi, miaka tisa, na hilo linanistahili na nitalibeba. Halafu nikaikumbuka ile barua. *Tunawapongeza.*

Binti hakulia mpaka walipomchukua kumwosha. Aliniambia, "Aliniangalia, mama. Usije ukaniambia hakuniangalia."

"Alikuangalia," nikamwambia. "Mimi nilikuwepo."

13 Aprili

Tumezika. Mkwe yuko njiani. Majirani wamejaa, wengine wanamwambia binti ni mdogo bado, atapata mwingine. Nimewafukuza wawili.

17 Aprili

Niliporudi kazini binti alisema tunakwenda wote. Nikamwambia apumzike. Akavaa viatu.

Aliingia kwenye foleni kama watu wengine. Ilipofika zamu yake akasimama mbele ya dirisha langu, na mimi nikamuuliza maswali yote kama ninavyomuuliza kila mtu. Jina la mama. Jina la baba. Jina la mtoto. Akalitaja. Lipo kitabuni. Hapa silirudii, ni la kwake.

Bwana Pole akatoka ofisini kwake. Macho yalikuwa yamemwiva, nakiri, si mtu asiye na moyo. "Pole, mwanangu. Pole, mama. Jamani, hii tuiache. Msijiumize bure." Akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, taratibu, kama anayefunika chakula kisiingie nzi.

Binti aliingiza mkono dirishani.

"Baba," akasema, kwa heshima kabisa, "toa mkono wako kwenye kitabu cha mwanangu."

Mkono ukatoka.

Nikaandika. Kizazi, saa tisa na dakika kumi. Kifo, saa tisa na dakika arobaini. Sababu, niliiandika kwa herufi kubwa.

18 Aprili

Sasa binti anatembea na sisi. Nimemkataza, hasikii. Jana alikwenda peke yake kwa yule fundi baiskeli. Sijui walizungumza nini. Leo asubuhi fundi na mkewe walikuwa wa kwanza dirishani.

25 Aprili

Ripoti ya robo mwaka. Ni kazi yangu kuijaza na ya Bwana Pole kuitia saini. Kwenye mstari wa vifo vya wachanga nimeandika kumi na tisa, wote wa miezi ile mitatu: kumi na saba wa daftari la tembo, wa mshonaji, na mmoja wa wiki ya mwisho ya Machi. Mjukuu wangu atahesabiwa kwenye robo inayofuata. Bwana Pole akakata, akaandika sifuri. Nikachukua fomu mpya, nikaandika kumi na tisa. Akakata. Tulifanya hivyo mara tatu, watu wazima wawili, hakuna aliyeinua sauti. Mwishowe akatuma ya kwake, na akafungia vitabu kabatini kwake.

Mimi nikatuma ya kwangu, ikiwa na nambari ya kila cheti. Vyeti vina nakala. Kabati lina ufunguo mmoja, lakini nakala ziko kwenye nyumba kumi na tisa.

2 Mei

Hakuna jibu. Mvua imepungua, imebaki ya asubuhi.

8 Mei

Mkaguzi amekuja bila taarifa, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, ripoti zote mbili mkononi. Bwana Pole akaagiza chai. Nikamtuma mfagizi zahanati, na Sista akamtuma binti mbio kuwaita wazazi.

"Ni makosa ya karani," namsikia Bwana Pole kupitia ukuta wa mbao. "Pole kwa usumbufu. Amefiwa hivi karibuni. Na hizi karatasi, wazazi wenyewe hawazitaki."

Nadhani mkaguzi alikuwa ameshatazama nje.

Walikuja kumi na sita. Mshonaji alikuwa mbele. Fundi baiskeli alikuja na grisi mikononi, ameshika cheti kwa ncha za vidole kisichafuke. Mfyatua matofali naye alikuja, ingawa hakuitwa, na cheti cha binti yake wa shimo. Hawakupiga kelele. Kila mmoja alisimama mbele ya mkaguzi akamsomea. Jina. Tarehe. Aliishi saa mbili. Aliishi siku moja. Aliishi dakika thelathini, akasema binti yangu, na aliniangalia.

Ilichukua karibu saa nzima. Chai ikapoa. Walipomaliza, mkaguzi akamgeukia Bwana Pole. "Ufunguo wa kabati."

14 Mei

Barua mbili kwa siku moja. Ya kwanza: takwimu za tarafa yetu zimesahihishwa. Ya pili: mimi nimehamishiwa dirisha la leseni za biashara, ng'ambo ya ukumbi, "kwa manufaa ya kazi." Bwana Pole amebaki na kiti chake, ila cheti cha ukutani kimeondolewa, pamebaki alama nyeupe.

Binti amewaka. Mimi nimecheka. Wanihamishe. Niliyoyaandika hayahamishiki.

16 Mei

Nimemkabidhi karani mpya, binti wa miaka ishirini na mitano hivi. Kabla ya kumwonyesha muhuri nimemsomesha kanuni ya nne kwa sauti, mara mbili. Amedhani nina wazimu. Ameisoma.

19 Mei

Kuhusu shimo: bado liko wazi. Nimeandika barua, na wafyatua matofali wote wametia vidole. Jibu halijaja. Kesho naandika nyingine.

23 Mei

Mkwe amemchukua binti wakapumzike kwao wiki mbili. Nyumba imekuwa kubwa. Amepiga simu jioni kuniambia amekula, kisha akalia, kisha akaniuliza kama wale wengine wote wameshapata vyeti.

27 Mei

Mifuko imefika zahanati. Mitatu, mipya. Sista Chuma amekataa kufungua boksi mbele ya watu waliotaka kupiga picha. "Si zawadi," amewaambia. "Ni deni."

2 Juni

Jua kali leo. Asubuhi nimetoa leseni nne za vinyozi na moja ya muuza mitumba aliyetaka kuandikwa "mkurugenzi." Saa tano hivi mlango wa ukumbi ukafunguliwa kwa kishindo. Sista Chuma, aproni yake ina damu, viatu hajabadilisha, anahema. Nyuma yake kijana mmoja mwenye macho ya mtu aliyezinduka sasa hivi, baba mtu.

"Andika," Sista akaniambia.

"Dirisha la vizazi ni lile pale. Hapa nauza vinyozi."

"Nimesema andika wewe. Dakika tatu hakupumua. Tatu! Rangi ilishakwisha. Nikaminya, kifua kikapanda, nikaminya, kikapanda, halafu akalia, akalia mpaka mama yake akasema mnyamazisheni." Akageuka kumwangalia yule baba kana kwamba amemkosea. "Wewe mwambie."

"Analia sana," baba akasema.

Nikafunga daftari la leseni. Nikavuka ukumbi, watu wangu wa foleni wananiuliza mama unakwenda wapi. Bwana Pole alikuwa mlangoni kwake, akasogea pembeni. Yule karani mpya aliponiona akainuka mwenyewe, akanipisha kiti, akanipa kalamu.

"Jina la mtoto?" nikauliza.

Baba akatazama chini, akatazama juu. Hawakuwa wamemchagulia jina, akasema. Waliogopa.

"Nenda mkamchagulie," nikamwambia. "Mna muda."